Mume wa Uzioni

"Sijasema binti yako ana mimba, Gilbert. Nimesema ana mume."

Nilimwambia kwa sauti yangu ya kawaida, ila sauti yangu ya kawaida, nakiri, huvuka mto. Gilbert Aldous, mtengeneza kofia, alikuwa upande wake wa uzio, mikono imelowa mpaka viwikoni, ameshika kofia ya sufu iliyokuwa bado inafuka mvuke kama mkate. Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuipiga ile kofia, akaona kichwa changu kinafaa.

Akaniuliza nimeanza kunywa bia yangu mwenyewe tangu lini. Nikamjibu kwamba bia mimi nauza, na hata ningekunywa pipa zima, masikio hayalewi. Akasema kesho Jumapili tangazo la ndoa ya Lettice na Bwana Humphrey Lugg litasomwa kanisani mara ya tatu na ya mwisho, na mwanamke mwenye haya zake angekuwa anafikiria apeleke nini harusini, si kumzulia binti wa watu mume juu ya uzio.

"Si juu ya uzio," nikamwambia. "Kwenye pengo la uzio. Pale palipong'oka ubao, ukaona tabu kuupigilia mwaka mzima."

Hapo wateja wangu wakaanza kutoka mmoja mmoja, vikombe mkononi. Siwalaumu. Bia ipo kila siku, ugomvi wa majirani haupikwi kila siku. Na mimi, Winifred Pott, ua wangu ukijaa watu moyo wangu nao hujaa.

Sasa huyo mume ni nani? Ni Ambrose Garland, mpangaji wangu wa chumba cha juu, mchezaji wa maigizo katika jumba la michezo lile la nyuma ya banda la kupiganishia dubu. Kijana mrefu, kola imechakaa, macho yale ambayo mama mwenye mabinti akiyaona hufunga dirisha. Majira hayo kundi lao lilikuwa linaufufua Mkasa wa Fidelmo na Isaura, mchezo ambao huku Southwark hata paka wanaujua. Muuza chaza akigombana na mumewe alimwambia, "Nyota zimekwisha kusema, sisi ni mwangwi tu." Vijana wa mjini waliandika mstari ule mwingine kwenye vidaftari vyao ili wawatolee wasichana: "Aliyeandikiwa kupenda hana wa kumfutia." Mistari hiyo ilikuwa imeposa wasichana wengi kuliko washenga.

Ila safari hii mtunzi alikuwa ameongeza onyesho jipya, kabla tu ya wapendanao kufa. Hakuna aliyekuwa amelisikia. Lingechezwa Jumatatu.

Na wachezaji hawapewi mchezo mzima. Kila mmoja hupewa fungu lake tu, karatasi ndefu iliyoviringishwa kwenye kijiti: maneno yake yeye, na kabla ya kila zamu, maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzake, ili ajue wapi pa kuingilia. Ambrose alikuwa akijifunza fungu lake asubuhi katika ua wangu, katikati ya mapipa, isipokuwa lile onyesho jipya, alilojifunzia chumbani mlango umefungwa. Upande wa pili Lettice alikuwa akikanda sufu ya baba yake kwenye maji ya moto. Wiki ya kwanza alisikiliza. Wiki ya pili alimsahihisha. Wiki ya tatu yeye ndiye aliyekuwa akimpa zamu zake, kwa kichwa, bila karatasi, na mimi nilikuwa naanika mashuka yale yale mara tatu kwa siku ili niwe karibu.

Alhamisi ya wiki iliyopita, siku nne baada ya tangazo la kwanza kusomwa, nilikuwa na shuka mkononi, na Mzee Jerome Fitch, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu, amekaa juu ya pipa akitafuna jibini. Sote wawili tulisikia. Ambrose alifika mwisho wa usemi wake, akanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Kisha akapenyeza mkono kwenye pengo, nao mkono mwekundu wa Lettice ukaupokea, unafuka mvuke.

"Nakutwaa uwe mke wangu," akasema. "Leo. Si kesho, wala si kaburini."

Naye Lettice, kwa sauti ndogo: "Nami nakutwaa uwe mume wangu, na ninasema hili nikiwa na akili zangu."

Na huku kwetu kila mtu anajua kwamba mwanamume na mwanamke wakishikana mikono wakayasema hayo mbele ya mashahidi wawili, wameshakuwa mke na mume. Kasisi kazi yake ni kubariki. Hata askofu hawezi kuifungua ndoa hiyo.

Siku ile mimi na Jerome tulidhani ni lile onyesho jipya. Tulifuta machozi, tukasifu mtunzi. Lakini tangu hapo wale watoto hawakusogelea tena pengo. Jumapili, tangazo la pili liliposomwa, nilimwona Ambrose nyuma ya nguzo akiukunja ukingo wa kofia yake mpaka ukakatika. Nilimwona Lettice akigeuka. Walitazamana kwa muda ambao kuku angemaliza punje moja, si zaidi, kisha kila mmoja akatazama chini kama aliyeungua. Nimezika waume wawili, nimeuza bia miaka ishirini na moja. Macho ya mchezo nayajua. Yale hayakuwa macho ya mchezo.

Basi Jumamosi hiyo nikaona nikinyamaza mpaka kesho, nitakuwa nimemwoza mke wa mtu kwa ukimya wangu.

"Jerome," Gilbert akaita kutoka upande wake. "Wewe una akili. Ulisikia nini?"

Mzee Jerome ni mtu wa maneno machache, kwa kuwa abiria wake wanasema ya kutosha. Akayarudia maneno ya wale wawili neno kwa neno. Kisha Gilbert akacheka, cheko baya kavu, akasema hapo sasa, si ndiyo maneno ya mchezo hayo? Mchezaji anasema anacholipwa kusema. Angekuwa anajifunza onyesho la mnyongaji, leo Winifred angekuja kumwambia binti yake kanyongwa.

Watu wakacheka. Nami sikuweza kuwakasirikia, maana nilikuwa nimefikiri hivyo hivyo.

Wakati huo huo lango la Gilbert likafunguliwa, akaingia Bwana Humphrey Lugg. Huyu ni mtengeneza mishumaa wa karibu na daraja, mjane, mpole, mzito, ananukia mafuta ya kondoo hata siku ya sikukuu. Alikuwa amealikwa chakula cha mchana, amebeba mishumaa sita ya nta halisi ndani ya kitambaa. Akaona uzio umejaa vichwa. Akauliza kwa adabu kama kuna mtu amefariki.

Ikabidi aelezwe. Nilimweleza mimi, na sikupunguza kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaiweka ile mishumaa juu ya benchi taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Lettice naye alikuwa amekwisha kutoka mlangoni, unga viganjani, uso umepauka. Na ngazi yangu ya nje ikalia: Ambrose anashuka. Alikuwa amelisikia jina lake kupitia dirishani. Akaja akasimama penye pengo. Kati yake na Lettice palikuwa na hatua sita, na watu kumi na wanne, na baba.

"Kijana," Gilbert akasema, "nijibu mbele ya hawa wote. Yale maneno ni ya mchezo, au si ya mchezo?"

Ambrose hakumtazama Gilbert. Alimtazama Lettice, na ilikuwa kama mtu aliyeulizwa kama ana njaa huku chakula ni cha mwenzake. Mwishoni akasema hawezi kujibu.

"Mnaona," Gilbert akasema. "Lete hiyo karatasi yako tuisome, tumalize."

Ambrose akasema karatasi si yake, ni ya kundi. Wote waliapa: mtu atakayeonyesha onyesho jipya nje kabla bendera ya jumba haijapandishwa Jumatatu, huyo hana kazi, maana watu wa lile jumba jingine wangeliiba kabla wino haujakauka. Gilbert akageukia umati, mikono wazi, kama wakili aliyeshinda. Angekuwa hana cha kuficha, akasema, si angeileta?

"Mwache, Baba," Lettice akasema. "Asipoteze kazi yake kwa ajili ya mchezo."

Aliyasema vizuri mpaka alipofika kwenye lile neno la mwisho. Hapo sauti ikampasuka.

Ambrose aliisikia ile sauti. Nilimwona akiisikia. Akageuka, akapanda ngazi yangu mbili mbili, na mtu mmoja wa nyuma akasema haya, kakimbia, wachezaji ndivyo walivyo. Lakini akashuka na karatasi kwenye kijiti chake. Akapita pengoni, bega likakwama, akalazimisha, akaacha kipande cha shati kwenye msumari. Hakumpa Gilbert. Akampa Lugg.

"Soma wewe, bwana," akasema. "Wewe ndiye mwenye cha kupoteza. Hakuna atakayesema umenipendelea."

Kabla Lugg hajaanza, niliwatangazia wateja wangu kwamba yeyote atakayeutoa mstari mmoja nje ya ua huu hataonja bia yangu mpaka Krismasi. Wote kumi na wanne waliapa kwamba ni viziwi tangu kuzaliwa.

Lugg akaikunjua ile karatasi, akaishika mbali kidogo na pua. Jamani, nimesikia mistari ile ikitolewa na mabwana wenye sauti za baragumu, lakini sitaisahau siku iliposomwa na muuza mishumaa, kwa sauti ya mtu anayehesabu pakiti. Akasoma Fidelmo anavyofika chini ya dirisha la Isaura. Akasoma anavyoomba afunguliwe. Kila alipofika kwenye yale maneno mawili matatu ya zamu, midomo ya Lettice ilikuwa ikitikisika pamoja naye bila yeye kujijua. Tukafika onyesho jipya. Watu wakasogea. Gilbert mwenyewe alisogea.

"'Mlango umefungwa,'" Lugg akasoma, "'na babako ndiye aliyeshika ufunguo. Nyota zimekwisha kusema, nami ni mwangwi tu. Kwaheri, Isaura. Tutaonana kaburini.'" Akashuka chini ya karatasi. "'Anaondoka.'"

"Endelea," Gilbert akasema.

"Ndiyo mwisho."

"Tazama nyuma."

Lugg akageuza. Nyuma palikuwa peupe. Akaiinua juani tuone wote.

Hakukuwa na "nakutwaa". Hakukuwa na mkono wala mke. Fidelmo wa kwenye karatasi alisema kwaheri akaenda kufa. Aliyebaki penye pengo Alhamisi ile, akanyamaza kimya kirefu, akapenyeza mkono, alikuwa Ambrose Garland mwenyewe, na maneno aliyatoa kwake mwenyewe.

Sikuwa nimejua kwamba uso wa mtu unaweza kufanya kama ulivyofanya uso wa Lettice. Aliinua mkono wenye unga akajifunika mdomo, na juu ya ule mkono macho yalikuwa yanang'aa kama mtu aliyepewa barua yake baada ya kuambiwa imezama na meli.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza. Sisi wengine tulikuwa tumegeuka kuwa mapipa.

"Ulijibu upesi mno," Ambrose akasema. "Nikajua umedhani ni mchezo. Ningekufuata nikuambie umeolewa bila kujua? Huo si uungwana, ni wizi."

Nilitaka kumpiga na shuka. Siku tisa watoto wawili wanakosa usingizi kwa kuheshimiana.

Lakini Gilbert hakuwa mjinga. Akasema vizuri, kijana alisema kweli, na tumpe hongera. Ila binti alidhani ni mchezo. Kama alidhani ni mchezo, basi jibu lake ni la mchezo, na mkono mmoja haufungi ndoa. Lugg akaitikia kwa kichwa polepole, akasema kwa haki ni kweli, hapo pana hoja.

Basi macho yote yakamgeukia Lettice. Ilikuwa sasa ni juu yake peke yake: akisema ndiyo, nilicheza, kesho tangazo linasomwa na maisha yake yote atanukia mafuta ya kondoo. Akisema hapana, anasema mbele ya baba yake.

"Ni kweli," akasema. "Nilidhani ni mchezo."

Ambrose akatazama chini.

"Nilidhani yeye anasoma yake," Lettice akaendelea, na sasa sauti haikutetemeka. "Yeye ni mchezaji, ana karatasi. Mimi yangu iko wapi, Baba? Nani aliniandikia nimjibu? Nilisema ninasema nikiwa na akili zangu. Nilikuwa nazo. Nikaondoka na aibu, maana nilijua mmoja wetu amesema kweli, na nikadhani ni mimi peke yangu."

Mzee Jerome akavua kofia. Sijui kwa nini, lakini wengine nao wakavua.

Gilbert aliposema, hakumsemesha mtu hasa. Akasema Agnes, mama yake Lettice, alipenda sana mistari ile. Aliisema akikanda sufu. Alikwenda kuutazama mchezo ule mara nne, na mara ya nne akarudi na homa ya kwenye msongamano, na ndani ya siku sita hakuwepo tena. Watu wa mistari ile wote huishia kaburini, akasema. Hajawahi kusikia hata mmoja aliyezeeka. Alitaka binti yake aende kwenye nyumba ambayo hakuna atakayeandika mchezo juu yake.

Hilo sikuwa nikilijua. Miaka mitatu jirani yake tangu ahamie hapa, na nilidhani anachukia wachezaji kwa sababu ya kelele.

Lettice akamwendea baba yake, akamshika ile mikono iliyolowa.

"Nimeusikia ule mchezo mwanzo hadi mwisho, Baba, kupitia uzio. Nyota hazikumuua Isaura. Baba yake alifunga mlango."

Gilbert akamtazama sana. Kisha akachomoa mikono yake, akaokota kofia yake iliyokuwa imepoa na kupinda, akaingia ndani. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Lugg ndiye wa kwanza kujisogeza. Akaiviringisha karatasi vizuri kwenye kijiti, akamrudishia Ambrose, akasema onyesho jipya si baya, ila Fidelmo anakata tamaa haraka. Akachukua mishumaa yake kwenye benchi.

"Mke wa mtu ni sumu," akamwambia Lettice, na nusura atabasamu. "Leo jioni nitapita kwa kasisi nimwambie asisome." Akafika langoni, akafikiri, akarudi, akatoa mishumaa miwili akaiacha juu ya benchi. "Hii ya kwenu. Hii minne nitampelekea dada yangu." Akaenda zake, na namwambia yeyote anayemcheka Humphrey Lugg kwamba siku ile hakukuwa na mwanamume muungwana kuliko yeye ng'ambo hii ya mto.

Tukabaki tunautazama mlango. Ambrose hakumgusa Lettice. Walisimama bega kwa bega wakiutazama, kama watu wanaosubiri hukumu, isipokuwa vidole vyao vidogo viwili, ambavyo vilikuwa vimeshakutana bila kuomba ruhusa.

Mimi nilikuwa mahali pazuri zaidi kuliko wao. Kutoka kwenye uzio wangu nililiona dirisha la jikoni kwake. Meza ilikuwa imeandikwa kwa watu watatu, na katikati pai ya samaki aina ya mikunga, kubwa, ukoko umeinuka. Nilimwona Gilbert akiichukua sahani ya Lugg, ile ya bati nzuri, ya Agnes. Akaipeleka rafuni. Akasimama nayo. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, polepole, na kwa jinsi ilivyokwenda ningeapa mbele ya kasisi kwamba alikuwa anasema ule mstari wa mkewe, wa aliyeandikiwa kupenda. Kisha akaipangusa ile sahani kwa mkono wa shati, akairudisha mezani.

Sikumwambia mtu. Ni siri ya kwanza niliyoweka maishani mwangu, na ilidumu kama hatua kumi, kutoka jikoni mpaka mlangoni.

Mlango ukafunguka.

Gilbert alisimama kizingitini, macho mekundu, akijifanya ni mvuke. Akamtazama Ambrose kuanzia viatuni, akapanda mpaka kwenye shati lililochanika, akaishia kwenye ile kofia yenye ukingo uliokatika.

"Hiyo uliyovaa kichwani," akasema, "alikuuzia nani?"

Ambrose akasema alipewa na kundi.

"Aibu. Mkwe wangu hatembei na kitu kama hicho." Akajisogeza pembeni, mlango ukabaki wazi. "Unakula mikunga?"

"Ninakula, Baba."

"Basi ivue, uingie. Pai inapoa."